Mpunga wa Mama Yake Mwalimu

Mwalimu wetu wa Sayansi Kimu hakutaka makuu. Cheo hakukitaka, Dar es Salaam alisema ina joto la bure, na habari za waume alisema zile alizozisikia kwa wenzake zinamtosha. Alitaka jambo moja tu: mpunga wa mama yake usipotee. Nalisema hilo mapema, na jingine nalisema papo hapo ili msomaji asije akanihurumia kabla ya wakati: nusu debe la mwisho la mpunga ule nililipika mimi, mwanafunzi aliyemwamini kuliko wote.

Namkumbuka kila ninapoosha mchele, ndiyo kusema namkumbuka karibu kila siku, kwa sababu siku hizi wali si chakula cha sikukuu tena. Wanangu wanaula Jumanne na kulalamika. Nikiinamisha sufuria kumwaga maji ya kwanza, namsikia nyuma yangu: "Unayamwaga wapi hayo?"

Kwake maji ya mchele hayakumwagwa ovyo. Ya kwanza, yenye vumbi, yalikwenda kwenye mchicha. Ya pili alinawia uso, na kweli mpaka anastaafu uso ule haukuwa na baka hata moja. Yale mazito ya wali unaochemka aliyaengua, akatia chumvi kidogo, akampelekea mtoto yeyote wa mtaani aliyekuwa anaharisha, na yeye mwenyewe akasimama mlangoni mpaka aone kikombe kimekwisha. Yaliyobaki alitia wanga kwenye nguo. Kola za blauzi zake zilikuwa ngumu hata akigeuza shingo ulizisikia. Siku moja alianika blauzi nne nyuma ya nyumba za walimu, mbuzi wa jirani akazikuta, akala kola zote nne na kuacha vifungo. Mwalimu aliingia darasani amevaa gauni, akatusimulia kisa chote bila hata kutabasamu, kisha akauliza, "Sasa mbuzi ametufundisha nini kuhusu wanga?" Swali lile lilikuja kwenye mtihani wa muhula.

Pumba alijazia mto wa kulalia. Alifukia mayai ndani yake yasivunjike safarini. Alizichoma, na jivu lake likasugua sufuria zote za shule. Chenga za mchele zilikuwa vitumbua vya Jumamosi, na ndege walipata kile ambacho hata yeye alishindwa kukitafutia kazi, nacho kilikuwa kidogo sana.

Darasa lake lilikuwa jiko la shule, hapo Korogwe: chumba kirefu chenye majiko matatu ya mkaa na ramani ya dunia ukutani. Juu ya ramani alikuwa amebandika punje za mchele, na gundi yake ilikuwa uji wa mchele huohuo. Kila nchi inayokula wali ilikuwa na punje yake. Alijua mambo ambayo hadi leo sijui aliyatoa wapi, maana sidhani kama alishavuka Tanga mjini. Kuna nchi, alisema, wanapika wali makusudi ili upate ukoko. Wakipakua wanaupindua kwenye sinia, na ukoko anawekewa mgeni wa heshima. Tulicheka, kwa kuwa kwetu ukoko ni wa watoto waliobaki jikoni. Kuna kwingine wanaume ndio wanaoupika, Jumapili, nje, kwenye kikaango kipana kama gurudumu. "Mwalimu, hapo unatudanganya!" Kuna wanaotengeneza karatasi ya mchele, wanafungia mboga humo, wanakula na karatasi yake. Afrika Magharibi wanaupika mwekundu kwa nyanya, nchi na nchi zinagombana nani alianza, na kila moja ina hakika. Wajapani wanaupenda ulioshikana, wanauokota kwa vijiti.

"Mwalimu, wali ulioshikana si umeharibika?"

"Umeharibika hapa Korogwe. Kwao ndiyo sifa yake. Andika."

Tuliandika, matumbo yakinguruma. Ilikuwa ile miaka ya upungufu, shule inakula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, Jumatatu mpaka Ijumaa, na somo la vitendo la wali tulilifanya kwa mchanga wa mtoni. Tuliuosha mchanga, tukaupepeta kwenye ungo, tukaupimia maji kwa kidole. Kikombe kimoja cha mchele wa kweli alikileta mara moja kwa muhula, wasichana thelathini, kila mmoja kijiko. Aliyekimeza haraka aliulizwa, "Kwani unakimbizwa na nani?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake kwa kila kitu: kwa anayekimbilia kengele, kwa anayetaka kuolewa kidato cha tatu, hata kwa mvua inayonyesha kabla ya vuli.

Nilimpenda zaidi akiwa anachagua mchele. Alikaa mkekani, ungo mapajani, akasambaza mchele mwembamba kabisa na kuusogeza kwa vidole vitatu. Mawe upande huu, chuya upande ule. Sisi chuya tulizitupa. Yeye alizimenya kwa ukucha, moja moja, na kuzirudisha ndani. Msichana aliyechagua kwa pupa na kuacha mawe hakugombezwa; alipakuliwa wa kwanza, kijiko kimejaa, na Mwalimu akakaa mbele yake kumtazama anavyotafuna.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na viberiti na amira tu yakajaa mpaka barazani. Ikaja sabuni ya kunukia, yakaja mafuta ya kula ya kuchagua, mitumba ikamwagwa sokoni chini kwenye turubai. Ukaja na mchele wa meli, katika magunia meupe yenye picha za maua, mrefu, mweupe, hauna hata jiwe. Sisi wasichana tuliona ile ramani imeshuka ukutani imekuja kutusalimia. Mwalimu alitia punje mdomoni, akaitafuna, akatoa hukumu: "Huu umelala sana melini."

Lakini siku chache baadaye nilimkuta sokoni ananunua huohuo uliolala, anauficha kapuni chini ya mchicha. Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Huu ndio wa kula," aliniambia. "Ule wa mama nikiula, nitapanda nini?"

Ndivyo nilivyoujua mpunga ule. Mama yake alikuwa akiulima katika bonde chini ya Mazinde, kule mkonge unapoishia na maji yanapoanza. Alipofariki, shamba waligawana kaka zake, na Mwalimu akaachiwa kipande cha pembeni kisichozidi darasa moja. Alikwenda kila likizo. Alipanda, alipalilia, alifukuza ndege kwa kupiga debe, akavuna kwa kisu. Katika mwaka mzuri alipata debe moja, moja na nusu, na yote ilikuwa mbegu.

Ulikuwa mpunga wa shida, sisemi uongo. Mrefu, unalala upepo ukija, unachelewa mwezi mzima nyuma ya wenzake. Punje fupi, ganda jekundu. Malori ya wanunuzi yalipoanza kushuka Mombo baada ya ruksa, yalitaka supa, mrefu, wa kuuzika mjini, na wanawake wa bonde mmoja mmoja wakaung'oa ule wa zamani wakapanda supa. Mwalimu alipita nyumba kwa nyumba na bakuli la mbegu. "Panda hata mstari mmoja, pembeni." Walipokea kwa mikono miwili, ahsante Mwalimu, akigeuka wanawarushia kuku. Mama mmoja alikuwa mkweli. Alimrudishia bakuli lake palepale, akasema, "Mwalimu, huu unanukia, hatukatai. Lakini kunukia hakulipi ada ya mtoto." Mwalimu, ambaye kwa majibu hakuwa na mpinzani Korogwe nzima, alilipokea bakuli, akashika njia ya barabarani.

Nilifuatana naye likizo moja mpunga ukiwa unachanua. Ilikuwa asubuhi, umande haujakauka. Alisimama kwenye tuta, akafumba macho, akavuta pumzi kwa nguvu kama mtu anayepimwa kifua. Nami nikavuta. Sijui niseme harufu ile ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya wali kabla ya wali, ya nyumba yenye mtu ndani.

"Mama akiupika huu," alisema, macho bado amefumba, "nyumba ya tano wanaleta sahani."

"Wewe uliula lini mara ya mwisho, Mwalimu?"

"Arobaini ya mama."

Nilihesabu kimya kimya. Ilikuwa kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Nakumbuka nilisimama pale nikatamani, kwa wivu wa kitoto kabisa, siku moja mtu anitamani mimi vile.

Nilipomaliza chuo nilipangiwa shule ya msingi Sindeni, huko Handeni, na mwaka wa pili nikaolewa na mwalimu mwenzangu, mtu wa Kang'ata. Mwalimu wangu hakuja harusini. Alikuja wiki moja baadaye kwa basi la mchana, amebeba nusu debe la mbegu, mdomo wa debe umefungwa kwa kitambaa.

"Mbegu yote kuiweka nyumba moja ni ujinga," alisema hata kabla hajakaa. "Kuna panya, kuna moto, kuna maji. Hapa kwenu ni pakavu. Itakaa."

Aliichanganya na jivu na majani ya mwarobaini, akapanda mwenyewe kwenye kiti kuiweka darini juu ya moshi wa jiko. Tangu hapo kila baada ya mavuno alikuja na mbegu mpya. Ya mwaka uliopita aliichukua kwenda kuipanda, mpya akaniachia. Alilala siku moja, akakagua sufuria zangu, akamwambia mume wangu amekonda, akaondoka. Nilizingoja siku zile kuliko Idi.

Sasa niseme kuhusu wageni, maana hapo ndipo maneno yake na matendo yake yalipoachana. Darasani alitufundisha hivi: "Mgeni si mkaguzi. Mpe kilichopo, kwa sahani safi na uso mkunjufu." Tuliliimba hilo. Lakini siku mkaguzi wa kweli alipokuja shuleni, na jikoni hakuna ila unga, nilitumwa mimi, mbio, nyumba tatu, kuazima mchele. Baadaye nilimwuliza.

"Mkaguzi ni mkaguzi," alisema, na hakutaka mjadala.

Mwaka ule wa mvua kubwa wakwe zangu walikuja kutoka Kang'ata kumwona mtoto wetu wa kwanza. Hawakutoa habari. Basi lilikuwa limekwama matopeni, wakatembea saa tatu nzima, baba mkwe, mama mkwe na shangazi, nguo zimelowa mpaka kifuani. Ndiyo mara yao ya kwanza kuingia nyumbani kwangu. Nilikuwa na unga wa mahindi, kunde na mlenda. Nilikimbia dukani: barabara ya Korogwe imekatika, mchele hakuna, wa meli wala wa bonde.

"Pika ugali," mume wangu alisema. "Ni wazazi wangu hawa, si wageni."

Yeye alikuwa mtoto wao, asingeelewa. Mkaza mwana anayewatengea wakwe ugali na mlenda siku ya kwanza, habari yake inafika Kang'ata kabla wao hawajafika, na mimi nilikuwa mwanafunzi wa Sayansi Kimu, nilijua kupima maji kwa kidole. Nilitazama juu darini. Nikajiambia: yeye anayo yake nyumbani, akivuna ataniletea nyingine. Nilijiambia hivyo mara mbili, kisha nikapanda kwenye kiti. Nilidhani nitachukua kiasi, lakini ukitwanga na kupepeta mpunga hupungua, na wakwe walikuwa watatu na njaa ya saa tatu za matope. Niliutwanga wote.

Hazikupita wiki mbili, kondakta wa basi akaniletea barua. Mwandiko wake ulikuwa uleule wa ubaoni, umesimama wima. "Maji yaliingia ndani tumelala. Mbegu yangu imeota yote deboni. Kitalu nacho kimekwenda na mto. Niletee ile ya kwako kabla mwezi haujaisha, tusipitwe na msimu. Mbusu mtoto."

Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Kisha nikafanya jambo baya kuliko kupika. Niliandika kwamba panya wameingia darini, hawakubakiza kitu, nisamehe. Nikamrudishia debe lake kwa kondakta yuleyule.

Hakuja tena Sindeni. Nilituma barua za salamu, akajibu kwa mistari mitatu, afya, hali ya hewa, mbusu mtoto. Alipoagwa kustaafu sikwenda. Nilisema mtoto anaumwa. Nilipolazimika kupita Korogwe nilikaa dirisha la upande wa pili. Kwa miaka nilikuwa na habari ndogo ndogo za kumpa: nimepika hiki, binti yangu ameuliza kile, kuna mtu redioni kasema mchele hivi na hivi. Nilizirundika, sikuwa na pa kuzipeleka. Mtu unaweza kumkosa akiwa hai, yupo mwendo wa saa mbili tu, nauli unayo mkononi. Nilimkosa hivyo.

Mwishowe mwalimu mmoja aliyetoka Korogwe alinieleza kwamba mtoto wa jicho amemshika macho yote mawili. Nikaenda. Alikuwa amepanga chumba Manundu, na nilimkuta barazani mchana, ungo mapajani, anachagua mchele wa dukani usio na jiwe, kwa vidole vitatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

Vidole vilisimama. "Marahaba. Sindeni hiyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kaa. Mtoto hajambo?"

Nilimwambia mtoto sasa yuko sekondari na wapo wengine wawili. Nilimpa mchele niliomletea. Aliushika, akaunusa, akasema ni supa, ni mzuri, ahsante. Tuliongea kuhusu macho, kuhusu walimu waliokufa. Halafu mazungumzo yakaisha, na nikaona kwamba nisiposema sasa nitaaga na sitarudi tena.

"Mwalimu. Hawakuwa panya."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Debe lilirudi limesuguliwa kwa jivu, linang'aa, na kunde umetia ndani usinirudishie chombo kitupu." Aligeuza uso upande niliokaa. "Panya wa Sindeni wana adabu kiasi hicho?"

Nilitaka kucheka, nikalia. Nilimweleza yote: mvua, barabara, wakwe, matope, aibu yangu. Sikupamba. Nilimwambia nilidhani anayo nyingine, na kwamba hata kama ningejua hana, siku ile, mbele ya wale watu, sina hakika ningefanya vingine. Hilo lilikuwa gumu kulisema kuliko la panya. Alisikiliza kichwa ameinamisha kidogo. Watoto walipita barabarani wanasukuma tairi, wakamwamkia, akawaitikia mmoja mmoja.

"Waliula?" aliuliza.

"Waliula, Mwalimu."

"Wote?"

"Hawakuacha hata ukoko."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuomba msamaha mara ya pili, baada ya ule wa barua. Aliuondoa ungo mapajani, akauweka chini taratibu usimwagike, akafuta mikono kwenye kanga.

"Sasa niambie," alisema. "Ulikuwaje?"

Sikuelewa mara moja.

"Mimi nimeanza kusahau," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya darasani. "Nakumbuka wa shambani, unapochanua. Wa sahanini umenitoka. Nasema ulikuwa mtamu, lakini nasema tu. Niambie, na usikimbie."

Basi nikamwambia. Nilianzia kwenye kinu, jinsi ganda jekundu lilivyotoka na punje ikabaki fupi, nyeupe kama maziwa, haina haja ya kuchaguliwa. Nilimwambia maji niliyopima. Nilimwambia mvuke ulipoanza kutoka pembeni mwa mfuniko, mama mkwe aliyekuwa akisimulia habari za basi alikatisha maneno katikati, na mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akituletea maziwa akaweka kibuyu chini mlangoni na kuuliza ninapika nini. Nilimwambia kila punje ilisimama peke yake, lakini ukiibana ilikuwa laini mpaka ndani. Nilimwambia shangazi alikula tonge la kwanza bila mboga, akasubiri, akala la pili bila mboga.

"Mwisho wake unaacha utamu huku nyuma," alisema, akigusa koo. "Au nakosea?"

"Hukosei. Unakaa mpaka umekunywa maji."

"Rudia hapo."

Nilirudia. Nikaenda polepole zaidi, tonge la kwanza, tonge la pili, na nilipomtazama niliona midomo yake imefumbwa na taya lake linatafuna. Sikusimama. Niliendelea kusema, neno moja moja, mpaka akameza.